Kivuli cha Jagina: Mwenendo wa Mwanasoka Nje ya Uwanja na Hukumu ya Mashabiki

Utangulizi

Mpira huchezwa kwa dakika 90, lakini sifa ya mchezaji hujengwa na kubomolewa katika saa zinazobaki. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwenendo wa mwanasoka wa kulipwa nje ya uwanja unavyoathiri maoni ya mashabiki, na kwa nini mashabiki hao hujitwika jukumu la kuhukumu mambo yasiyohusiana na gozi. Mifano imechotwa katika soka ya Kenya. Msingi wa maelezo nao umetolewa katika fasihi simulizi ya uwanda wa Kano, ambako Awasi ipo, na ambako ushabiki wa Gor Mahia hurithiwa mithili ya jina la ukoo. Huenda msomaji akauliza: soka na fasihi wapi na wapi? Jibu ni kwamba shabiki humsoma mchezaji jinsi hadhira ya mighani inavyomsoma jagina.

Jagina na Kivuli Chake

Klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, ilipewa jina la mganga mashuhuri katika masimulizi ya Waluo. Kwa hiyo, hata kabla ya mpira kupigwa, shabiki amekwisha kuingia katika ulimwengu wa mighani. Kano kwenyewe ndiko nyumbani kwa Luanda Magere, shujaa ambaye mkuki haukuweza kuupenya mwili wake. Katika masimulizi mengi, maadui walimwoza binti yao. Siku moja shujaa alipougua, mke huyo aligundua kwamba dawa haikuchanjwa mwilini bali kivulini. Siri ikafichuka, kivuli kikachomwa mkuki, na jagina akaanguka.

Tukitazama kwa makini, tunaona kwamba Magere hakushindwa kwa kukosa ustadi vitani. Anguko lake lilianzia nyumbani, katika maisha ambayo uwanja wa vita haukuyaona. Aidha, katika kisa cha Fumo Liyongo cha pwani, hatari haikutoka kwa askari bali kwa mwana wa kumzaa. Mighani hizi huifunza hadhira yake kwamba jagina ana maisha mawili, na kwamba yale yasiyoonekana ndiyo yenye kumwinua au kumwangamiza. Shabiki aliyelelewa katika mafunzo hayo hawezi kuridhika na mabao pekee. Atataka kukijua kivuli.

Mfano wa McDonald Mariga

Mwaka 2010 kiungo McDonald Mariga alikuwa fahari ya kila Mkenya. Januari mwaka huo alihitaji kibali cha kufanya kazi Uingereza ili ajiunge na Manchester City, na Raila Odinga, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, aliingilia kati kumsaidia. Uhamisho huo ulivunjika, lakini Mariga akajiunga na Inter Milan, timu iliyotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya msimu huohuo.

Mwaka 2019 Mariga aliwania ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee katika uchaguzi mdogo uliofuatia kifo cha Ken Okoth. Mpinzani wake mkuu alikuwa Imran Okoth wa ODM, chama cha Odinga. Ustadi wa Mariga ulikuwa uleule, na rekodi yake Ulaya haikupungua hata chembe. Kilichobadilika ni nafasi yake katika masimulizi. Kwa mfuasi wa ODM, awe Kibra au Awasi, “mwana wetu” aligeuka mshindani, na wema wa mwaka 2010 ukawa kipimo cha shukrani yake. Kwa mfuasi wa Jubilee, uamuzi huohuo ulikuwa ushahidi wa ujasiri. Hapa tunapata kanuni ya kwanza: mwenendo wa mchezaji hauna maana moja, bali hufasiriwa kwa kutegemea mahali aliposimama mfasiri.

Hata hivyo, simulizi hilo lilikuwa na mgeuko. Usiku wa Novemba 7, kabla matokeo ya mwisho hayajatangazwa, Mariga alimpigia Imran simu na kumpongeza. Kitendo hicho cha dakika chache kilisifiwa hata na waliompinga. Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Mariga alikosa kiti, lakini alionyesha adabu ya mwanamichezo pale ambapo siasa yetu huikosa mara nyingi.

Lugha ya Hukumu

Jambo la pili linawahusu zaidi wanafunzi wa lugha. Shabiki hubadilisha msamiati kulingana na matokeo. Mchezaji anayefunga mabao akikesha kwenye starehe, huambiwa ni “mtundu” au “kijana bado”. Akipoteza penalti wiki inayofuata, kukesha kulekule huitwa “ulevi”. Akidai mshahara timu inaposhinda, “anajua haki yake”. Timu inaposhindwa, “ana tamaa”. Tendo ni lilelile, bali jina lake limebadilika. Kwa hivyo, si kila mara mwenendo ndio unaozaa maoni. Wakati mwingine maoni hutangulia, kisha mwenendo hutafutwa ili uyape ushahidi.

Makosa Hayalingani

Hata hivyo, si haki kudai kwamba mashabiki hawana vigezo thabiti. Yako makosa ambayo mabao hayawezi kuyafunika. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia George Owino, aliyekuwa mchezaji wa Harambee Stars, kwa miaka 10 kwa makosa yanayohusu upangaji wa matokeo. Kosa la aina hii hufanyika gizani, lakini huuingia mchezo wenyewe, kwa kuwa humfanya shabiki ashuku hata kilio na shangwe alizokwisha kuzitoa. Mlevi hujidhuru nafsi yake kwanza. Mwuza mechi humwibia kila aliyelipa kiingilio.

Je, Hukumu Hii ni ya Haki?

Wahakiki wa fasihi wamebishana kwa muda mrefu iwapo kazi itenganishwe na mtunzi wake. Swali hilohilo linamkabili shabiki. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba utengano kamili hauwezekani, maadamu kijana wa Awasi hamwigi mchezaji kwa chenga tu, bali kwa mavazi, usemi na namna ya kuishi. Mcheza kwao hutuzwa, na anayetuza ana haki ya kuuliza.

Lakini haki hiyo ina mipaka. Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa ilisitisha udhamini wake, na Gor Mahia ikabaki bila mdhamini mkuu. Mchezaji asiyelipwa kwa miezi hutarajiwa kuwa na nidhamu ya mtawa, ilhali anayemchelewesha mshahara haimbwi wala kuzomewa na yeyote. Hukumu inayomwona mnyonge na kumkwepa mwenye nguvu si maadili bali ni mazoea. Vilevile tusisahau kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji: sifa zetu zisizo na kiasi ni sehemu ya ugonjwa tunaoulalamikia.

Hitimisho

Imebainika kwamba mashabiki humhukumu mwanasoka kwa mwenendo wake kwa sababu wanampokea kama jagina, si kama mwajiriwa. Hukumu hiyo hutegemea msimamo wa mfasiri, matokeo ya uwanjani na uzito wa kosa. Ni vyema wataalamu wa fasihi simulizi wasiishie kwenye mighani ya kale. Nyimbo, majina ya kupanga na kejeli za mashabiki zinatungwa kila wiki mbele ya macho yetu, nazo zinastahili kukusanywa na kuhakikiwa kabla hazijapotea.