Kabla ya Kutia Saini Mkataba wa Benki Dubai

Kijana aliyetumikia benki ya nyumbani kwa miaka miwili au mitatu apatapo barua ya ajira kutoka Dubai, familia nzima hufurahi, na macho ya wengi huishia kwenye jumla ya malipo. Sisi tunashauri yaanzie kwenye mshahara wa msingi, kwa kuwa huo ndio utakaoamua kijana huyo ataondoka na kiasi gani siku ajira itakapokoma.

Sheria ya ajira ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, humpa mfanyakazi mgeni aliyetimiza mwaka mmoja haki ya kiinua mgongo. Kiasi chake ni mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Hesabu hufuata mshahara wa msingi pekee. Posho za nyumba na usafiri hazimo.

Tuchukue mfano wa vijana wawili wanaolipwa jumla ya dirhamu 15,000 kwa mwezi. Wa kwanza ana mshahara wa msingi wa dirhamu 9,000, wa pili dirhamu 6,000; kilichobaki ni posho. Baada ya miaka 3, wa kwanza anastahili kiinua mgongo cha dirhamu 18,900, na wa pili dirhamu 12,600. Walipokea fedha sawa kila mwezi, lakini wanaachana kwa dirhamu 6,300.

Hata hivyo, si kila mwajiri wa Dubai hufuata sheria hiyo. Benki nyingi za kimataifa zina ofisi ndani ya Kituo cha Fedha cha Kimataifa cha Dubai, eneo lenye sheria yake ya ajira. Humo, tangu mwaka 2020, mwajiri huchangia kila mwezi kwenye mpango wa akiba wa mfanyakazi: angalau asilimia 5.83 ya mshahara wa msingi kwa utumishi usiofikia miaka 5, na asilimia 8.33 baada ya hapo. Kwa hiyo uliza: mwajiri wangu kisheria ni nani, na mkataba huu unafuata sheria ipi? Iwapo benki yako ya nyumbani ndiyo inayokuazima kwa muda, omba ikuandikie kama nafasi yako itasubiri na kama michango yako ya hifadhi ya jamii itaendelea.

Zingatia pia mambo yafuatayo:

1. Sheria ya Falme za Kiarabu inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Anayekudai ada ili "mwajiri akushughulikie viza" usimlipe kabla ya kuthibitisha ajira hiyo kwa mwajiri mwenyewe.

2. Muda wa majaribio unaweza kufika miezi 6, na ndani yake mwajiri anaweza kukuachisha kazi kwa notisi ya siku 14. Usichukue mkopo kwa kutegemea mshahara mpya kabla muda huo haujapita.

3. Deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu halifutiki kwa kuvuka mpaka. Mwajiri wa nyumbani hukata asilimia 15 ya mshahara na kuiwasilisha. Wa Dubai hatafanya hivyo. Panga na Bodi namna ya kulipa kabla ya safari.

4. Dubai haikati kodi ya mapato kwenye mshahara, lakini anayehesabiwa kuwa mkazi wa Tanzania kikodi hutozwa kodi kwa mapato yake ya popote duniani. Iulize Mamlaka ya Mapato juu ya hali yako.

Majibu yote ya mwajiri yawe ya maandishi. Mwachie ndugu unayemwamini nakala ya mkataba uliotiwa saini, pamoja na nakala ya pasipoti yako.