Kona ya Kuinama: Kiwandani, Plastiki au Tepu ya Fundi Rangi?

Kwenye reli halisi, reli ya nje ya kona huinuliwa ili abiria wasilaliane. Treni ya kilomita 160 kwa saa ikipita kona ya nusukipenyo cha mita 2,000, kwenye reli ya upana wa SGR yetu, ingetaka reli ya nje ipande karibu milimita 150 nguvu zote zilingane. Gawa kwa 87, kipimo cha treni za mfano za HO, unapata milimita 1.7. Mpaka hapo hesabu ni tamu. Lakini zile mita 2,000 nazo zigawe kwa 87: mita 23. Nani ana sebule hiyo? Kona zetu ni za sentimita 45, za 60, na mwenye nyumba pana labda 90.

Tena treni ndogo haisukumwi nje kiasi cha kuanguka, hata ukiikimbiza kidogo kuliko kawaida yake. Kwa hiyo mwenzangu, unapolipia kona iliyoinama unalipia macho. Macho yana haki yake; treni ndefu ikilala kidogo kwenye kona inapendeza kuliko mlima wa plasta na miti mia. Ila ukishajua unanunua pambo, unajua na mahali pa kuubana mkono.

Chaguo la ghali ni vipande vya kiwandani. Kato ya Japani hutengeneza, kwa kipimo kidogo cha N, kona za njia mbili zenye mataruma ya zege ambazo zimeshainamishwa tayari. Njia ya nje ina nusukipenyo cha milimita 414, ya ndani 381. Kugeuka nyuzi 180 unahitaji vipande vitatu vya nyuzi 45, na viwili vya mpito vya nyuzi 22.5, kimoja cha kuingilia na kimoja cha kutokea. Vya nyuzi 45 huuzwa viwili viwili, kwa hiyo utalipia vinne utumie vitatu. Kila pakiti Uingereza hupita pauni 10, na wewe uliyeko Dar au Mombasa ongeza usafirishaji na ushuru. Lakini unabofya, unaunganisha, treni inapita, na jioni unafungua unarudisha boksini. Kwa anayetandika reli sakafuni halafu watoto wanataka kupita, hapo sina ubishi.

Wenye ubao wa kudumu tuna njia nyingine: reli ya kupinda, ile ya vipande vya milimita 914 kama vya Peco. Kona ya nusu duara ya sentimita 60, pamoja na mwanzo na mwisho wake, inakula vipande vitatu. Hiyo reli ungeinunua hata kona ingekuwa bapa, kwa hiyo gharama ya mwinamo ni kile tu unachochomeka chini ya ncha za nje za mataruma.

Kuna vijiti vyembamba vya plastiki vya wajenzi wa mifano. Ni safi, vina unene unaoaminika, na kona yetu itakula saba au zaidi, maana kimoja kina urefu wa kama sentimita 35. Tatizo ni ncha zake. Kijiti cha milimita moja kinaanza ghafla, na usipokipiga msasa kikawa kama kabari, umeweka ngazi. Najua, kwa sababu kona yangu ya kwanza nilichomeka kijiti cha mbao cha milimita mbili bila kukisugua. Behewa la mizigo lilifika pale likasimama kwa magurudumu matatu, la nne likining'inia hewani kama mguu wa mbuni. Siku mbili za gundi zikaenda.

Tangu siku hiyo natumia tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Naichana kwa urefu mara tatu, kila ukanda milimita nane hivi, nabandika matabaka matano. Kila tabaka naliacha lianze sentimita sita mbele ya lililo chini yake. Hapo mwinuko unapanda wenyewe ndani ya urefu wa sentimita 24, pungufu kidogo ya behewa refu la abiria la HO, wala msasa sijaushika. Kona nzima inakula kama mita nne za rola. Rola lenyewe linauzwa kwenye duka la rangi mtaani, na likibaki utalitumia kwa dirisha. Manila nayo inafaa kwa mtindo huo huo, ila inyweshe gundi nyeupe. Ikipata unyevu wa pwani bila gundi inavimba.

Kosa linalowapata wengi liko kwenye kipimo. Taruma la HO lina urefu wa karibu milimita 30, wakati reli zimeachana 16.5. Ukiinua ncha ya taruma milimita moja, reli ya nje inazidi ya ndani kwa nusu milimita na kidogo tu. Usikasirike ukaongeza. Treni ndefu yenye mabehewa mepesi, ikivutwa kwenye kona kali, hupenda kuangukia ndani, na mwinamo unaisaidia kuanguka. Unene wa tepu au manila pima kwa kupanga vipande kumi kisha gawa kwa kumi. Na penye njia panda ya reli, acha bapa kabisa.

Kwa ubao wa kudumu, basi, tepu, isizidi milimita moja chini ya ncha za mataruma. Kwa N ya kufunga na kufungua, Kato, na vipande vya mpito viagize siku hiyo hiyo, kwani bila hivyo kona iliyoinama haiungani na reli bapa uliyonayo.