Jina la Ukoga: Isimu Katika Elimu ya Mimea

Msomi wa Kiswahili akitajiwa ukoga, yule mmea mfupi wa kijani unaotanda juu ya mawe na magogo yenye unyevu, aghalabu huwaachia wanabiolojia shughuli hiyo. Makala haya yanashikilia kwamba inamhusu pia, kwani spishi mpya haitambuliki kisayansi mpaka ielezwe kwa maneno na kupewa jina linalofuata kanuni.

Mwaka wa 2017 wanabiolojia wa India walikusanya ukoga karibu na Bharati, kituo cha utafiti cha nchi yao huko Antaktika. Waliichunguza DNA yake, wakailinganisha na ya spishi zilizojulikana, wakahitimisha kuwa ni spishi mpya. Mwaka wa 2021 ikatangazwa kwa jina Bryum bharatiensis.

Ulinganishaji huo ndio wenye jasho. Jani la ukoga aghalabu lina unene wa seli moja tu. Hivyo mtafiti huchungulia kwa hadubini umbo la seli, ukingo wa jani, mshipa wa katikati, na meno yanayozunguka mdomo wa kifuko cha spora. Hatimaye kielelezo kikavu huhifadhiwa, ili atakayetilia shaka aende akakitazame.

Tulitazame sasa jina lenyewe. Bryum, katika Kilatini cha wanabotania, si nomino ya kiume wala ya kike, ilhali -ensis ni tamati ya jinsia hizo mbili. Kanuni za kimataifa zadai kivumishi kipatane na nomino. Umbo sahihi ni bharatiense. Kosa hili ni ndugu wa “kitabu mzuri”, nalo husahihishwa bila kulibatilisha jina.

Zito zaidi ni lugha ya maelezo. Tangu 1935 hadi 2011 spishi mpya ya mmea ilipaswa kuelezwa kwa Kilatini. Tangu Januari 1, 2012, Kiingereza nacho chakubalika. Kiswahili hakimo. Jina laweza kutolewa katika lugha yoyote, hata Kigiryama, lakini mtafiti akiueleza ukoga wa Mlima Kenya kwa Kiswahili pekee, jina lake halihesabiwi kuwa limechapishwa kihalali. Fauka ya hayo, istilahi zitamkwamisha: katika mazungumzo yetu ukoga, kuvu na ukungu huchanganywa bila mpaka, ilhali kuvu si mmea kamwe. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanzia hapo.