Mkia Ulioganda



Likizo iliyopita nilimzuru binti yangu aliyeolewa Manga, katika milima ya Kisii, ambako baridi ya alfajiri humfanya mtu wa pwani atafute blanketi la pili. Nilimkuta mjukuu wangu wa miaka 12 ameinamia meza, mbele yake vipande vya plastiki alivyotumiwa na baba yake aliye kazini Doha. Vikiunganishwa, huwa mfano wa ndege ya jeti aina ya F-5, ambayo Jeshi la Anga la Kenya limeitumia miaka mingi. Kwa kipimo cha 1 kwa 48, ndege ya mita 14 na nusu huwa ya sentimita 30.

Kilichompendeza zaidi ni mkia. Vibawa viwili vya nyuma, vilivyoshikwa na kijiti kimoja, huinama na kuinuka pamoja. Katika ndege halisi ndivyo vinavyoinua pua na kuishusha.

"Babu, tusiviguse," aliniambia. "Gundi hukawia kukauka kwenye baridi."

Nikaudhani ni uvivu. Alipotumwa dukani, nikaongeza gundi na kuvifinya kwa nguvu. Sikujua kuwa gundi ile huyeyusha plastiki na kuifanya kitu kimoja. Ikapenya hadi kwenye kijiti, na mkia ukaganda.

Mtoto hakulia. Alisema tu, "Baba alitaka kuuona ukicheza."

Neno hilo lilinichoma. Baada ya Maghrib nilimwomba radhi mbele ya mama yake, kisha nikamsimulia habari za Abbas ibn Firnas wa Andalusi. Katika karne ya 9 alijifunga mbawa na manyoya, akaruka angani, lakini akaumia mgongo alipotua. Al-Maqqari ameandika kwamba hakujifanyia mkia, naye ndege hutua kwa mkia.

Mjukuu akacheka: "Kumbe naye, Babu!"

Tukampigia baba yake simu ya video, nikakiri mwenyewe kosa langu.

Wazazi wenzangu, mtoto akiunda kitu, kaeni kando yake. Mwacheni ajaribu kila kiungo kinachocheza kabla ya gundi, atie tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno, kisha asubiri hadi kesho. Na mkikosea, msione haya kumwomba radhi. Mtoto husamehe upesi kuliko gundi inavyokauka.

Wabillahi tawfiq.