UZI: Daktari akikosea, kumfuta kazi kwatosha?

1/ Kila mgonjwa akiumizwa hospitalini, mjadala huwa ule ule. Mmoja asema "afutwe kazi". Wa pili asema "tutaleta mashine mpya". Wa tatu asema "wahudumu ni wachache". Wote wapigiwa makofi. Leo tuzipime hoja hizi tatu, bila kutaja mwanasiasa wala chama. Shikeni kahawa chungu tuanze.

2/ Kisa ambacho nchi nzima yakikumbuka: Februari 2018, Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi. Wanaume wawili wamelazwa. Mmoja ana damu iliyoganda kwenye ubongo, ahitaji upasuaji. Mwenzake ana uvimbe tu, wa kutibiwa bila kisu. Vitambulisho vyao vikachanganywa.

3/ Aliyefunguliwa kichwa ni yule wa uvimbe. Madaktari waligundua saa kadhaa baada ya kuanza, walipoitafuta damu iliyoganda wasiione. Hebu fikiria huyo ni kakako.

4/ Kilichofuata? Daktari aliyekuwa akisomea upasuaji wa ubongo, wauguzi wawili na mtaalamu wa dawa ya usingizi wakasimamishwa kazi. Mkuu wa hospitali akapelekwa likizo ya lazima. Muungano wa madaktari ukapinga. Wananchi tukagawanyika, tukarushiana maneno, wiki mbili tatu tukasahau.

5/ HOJA YA KWANZA: "afutwe". Tuhesabu. Mgonjwa alitoka wodini, akapokelewa thieta, akapewa usingizi, akapasuliwa. Alipita mikono minne. Je, wote wanne walikuwa wabaya siku moja? Ama njia yenyewe yamruhusu mtu kupita mlango hadi mlango bila kuulizwa sawasawa yeye ni nani?

6/ Sisemi watu wasiwajibike. Anayekuja kazini amelewa, ama anayeitisha hongo kabla ya kumgusa mgonjwa, huyo ana hukumu yake. Lakini kosa la mtu mwaminifu aliyechoka ni jambo jingine. Ukiwaadhibu wote sawa, wa kesho akikosea atafanya nini? Ataficha. Na kosa lililofichwa hurudi, manake hakuna aliyejifunza.

7/ HOJA YA PILI: mashine na majengo. Twavihitaji, hakuna ubishi. Lakini mashine ya mamilioni ikipiga picha kichwa cha Fatuma Juma, halafu picha itiwe kwenye faili ya Fatuma Juma mwengine, imesaidia nini? Na Pwani mwajua majina yetu yalivyofanana. Wodi moja waweza kuwakuta kina Mohamed Ali watatu.

8/ Ndo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, lashauri mgonjwa atambuliwe kwa vitu viwili kwa uchache, kama jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Namba ya kitanda haihesabiwi. Vitanda hubadilishwa.

9/ WHO hao hao mwaka 2008 walitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji. Mambo 19, karatasi moja. Yasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Huyu ni nani? Apasuliwa nini, upande gani? Kuna dawa inayomdhuru? Pamba na sindano zimehesabiwa zikatimia?

10/ Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani. London ilikuwemo, Seattle ilikuwemo, na Ifakara ya jirani zetu Tanzania ilikuwemo pia. Matokeo yakatoka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madhara makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7.

11/ Lakini ngoja, usikimbie nayo jukwaani bado. Jimbo la Ontario, Kanada, liliilazimisha kwa hospitali zake. Utafiti wa 2014 uliopitia hospitali 101 haukuona mabadiliko ya maana. Maelezo yanayotolewa na wengi ni kwamba kujaza fomu si kuuliza. Tiki yaweza kuwekwa hata mgonjwa ameshatoka. Karatasi yafanya kazi pale ambapo nesi mdogo aweza kumwambia daktari mkubwa "simama kwanza", na daktari akasimama kweli.

12/ HOJA YA TATU: wahudumu wachache. Hii ni kweli. Nesi mmoja usiku kucha na wodi imejaa, hawezi kuikagua kila dawa mara mbili. Akichoka atakosea, hata awe mzuri vipi. Kwa hivyo anayeahidi kupunguza makosa bila kutaja zamu ya usiku, ahadi yake ina tundu. Lakini hata ukiajiri, kama zamu zapokezana bila kuelezana hali ya kila mgonjwa, habari bado zitapotea.

13/ Sasa turudi Chaani. Mgonjwa wetu mara nyingi aanzia duka la dawa ama dispensari. Ikizidi, Port Reitz. Ikizidi tena, avuka Makupa hadi Makadara, yaani Hospitali Kuu ya Pwani. Vituo vitatu, na mara nyingi anayeibeba historia yote ni mamake, kichwani. Sindano gani alipewa? Saa ngapi? Kila anapokabidhiwa ndipo habari yaweza kudondoka.

14/ Nani wa kuulizwa? Katiba ya 2010 iliwapa kaunti hospitali na vituo vya kaunti. Serikali kuu ikabaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Kwa hivyo ya Port Reitz na Makadara yaanzia kaunti. Mtu wa Nairobi akikuahidi nesi wa Port Reitz, muulize atapitia mlango gani.

15/ Maswali ya kwenda nayo mkutanoni:
- Hospitali zetu zina kitabu cha kuandika makosa? Nani hukisoma?
- Mwaka uliopita yaliandikwa mangapi, na nini kilibadilishwa?
- Usiku, nesi mmoja ana wagonjwa wangapi?
- Mgonjwa akiumizwa, jamaa zake huambiwa ukweli, na nani?
Atakayejibu "kwetu hakuna makosa", huyo ndo wa kumwogopa. Pasipo na kosa lililoandikwa, basi hapaandikwi.

16/ Na wewe mwenyewe: dawa ikiletwa, taja majina yako yote na uulize "hii ni ya nini?" Huo si ujeuri. Ukihamishwa, beba pakiti za dawa ulizotumia. Kifungu cha 35 cha Katiba chakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na za faili lako zimo. Malalamiko kuhusu daktari hupelekwa KMPDC, kuhusu nesi Baraza la Wauguzi. Andika tarehe, saa na wodi mapema, kabla hujasahau.

17/ La mwisho. Kwetu tukitoka makaburini husema "siku zake zilikuwa zimefika". Ni imani yetu, na ni faraja kwa wafiwa. Lakini kuna mgonjwa atakayelala kitanda kile kile kesho, na huyo siku zake hazijafika. Kumuulizia huyo si kuipinga kadari.

Mwisho wa uzi. Mtumie anayekwenda mkutanoni wikendi hii.