Sarafu za Dhahabu za Uholanzi: Uzito wa Madini na Bei ya Mkusanyaji

Dukati ya dhahabu ya Uholanzi ilianza kupigwa mwaka 1586, na hadi leo hubeba umbo la shujaa aliyesimama akiwa na upanga na fungu la mishale. Haikuandikwa thamani yoyote ya fedha. Kinachohesabika ni gramu 3.494 zenye usafi wa 983 kwa 1,000, yaani takribani gramu 3.43 za dhahabu halisi. Dukati tisa hukaribia wakia moja.

Sarafu ya euro 10 iliyotolewa mwaka 2002 kwa ndoa ya Willem-Alexander na Máxima ina thamani iliyoandikwa, lakini ni fedha halali nchini Uholanzi pekee. Uzito wake, gramu 6.72 zenye usafi wa 900, unafuata kipimo cha gilda 10 za enzi ya Malkia Wilhelmina.

Umoja wa Ulaya huisamehe kodi ya ongezeko la thamani sarafu ya dhahabu iliyopigwa baada ya mwaka 1800, yenye usafi usiopungua 900, iliyo au iliyowahi kuwa fedha halali kwao, na ambayo kwa kawaida bei yake haizidi thamani ya dhahabu iliyomo kwa zaidi ya asilimia 80. Pengo hilo ni pana mno, na ndipo mnunuzi hujikwaa: msamaha wa kodi si ushahidi wa bei nafuu. Anayetafuta uzito, kwa maoni yangu, atafute gilda zilizochakaa. Kisanduku na cheti hulipiwa tena pale tu anapopatikana mkusanyaji mwingine. Mizani ya mfua dhahabu haivipimi.