Swali la Mkwawa na Kima wa Rungwe

Katika fizikia ya joto kuna jina moja la Kitanzania ambalo watafiti wa Uingereza, Kroatia, Kanada na Austria wamelitumia kwa miaka mingi bila kulitafsiri: Mpemba. Safari ya jina hilo kuingia kwenye sayansi ya dunia ilianzia Iringa, katika majengo ambayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na ambayo katika miaka ya 1960 yalikuwa shule ya sekondari yenye kidato cha tano na cha sita. Huko ndiko kijana mmoja alikosimama mbele ya wenzake na kumuuliza mgeni kutoka Dar es Salaam swali ambalo tayari lilikuwa limemfanya achekwe.

Swali lenyewe alikuwa amekuja nalo kutoka Lushoto. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi wa pale walikuwa na mazoea ya kujitengenezea aiskrimu: walichemsha maziwa, wakayakoroga na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ndogo na wenye maziwa walikuwa wengi. Siku moja Mpemba aliona mwenzake anataka kumwahi kwa kuingiza maziwa ambayo hata hayakuchemshwa. Naye akaamua kuyatia ya kwake yakiwa bado ya moto, potelea mbali hata friza ikiharibika. Saa moja na nusu baadaye walirudi kuangalia. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Jibu likawa kwamba amechanganyikiwa, kwa kuwa jambo hilo haliwezekani.

Wengi wangeishia hapo. Mpemba aliendelea kuuliza, na wakati wa likizo akagundua kwamba hata wauza aiskrimu wa Tanga mjini walikuwa wanatia mchanganyiko wa moto kwenye friza kwa sababu uliganda upesi. Wao walilijua jambo hilo kwa biashara, wala hawakusubiri kitabu kiwaruhusu.

Alipopanda Mkwawa kwa kidato cha tano, darasa lilifika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu: kitu cha moto hupoteza joto kwa kasi kubwa zaidi kadiri kinavyotofautiana na baridi inayokizunguka. Kasi hiyo hupungua kitu kinapoendelea kupoa. Kwa hesabu hiyo, maji ya moto yanaposhuka hadi joto ambalo maji ya uvuguvugu yalianzia, yale ya uvuguvugu yameshatangulia mbali. Mpemba aliinua mkono na kueleza kisa cha maziwa. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu darasani aliambiwa ni hesabu za Mpemba, na wanafunzi wakaudaka utani huo.

Siku moja alikuta maabara ya baiolojia wazi. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza ya maabara. Aliporudi baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye bika iliyoanza na maji ya moto. Ushahidi haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa wake mwenyewe, na ndio uliompa ujasiri pale Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipokuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi.

Mpemba aliuliza hivi: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji kiasi kimoja, kimoja kikiwa na nyuzi joto 35 na kingine 100, ukaviweka kwenye friza, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Ukumbi ukaangua kicheko. Osborne alitabasamu, akamuuliza kama kweli amelijaribu mwenyewe. Mpemba akasema ndiyo. Mgeni hakuwa na jibu, ila aliahidi kwenda kulijaribu.

Ahadi hiyo ndiyo iliyobeba uzito wote wa kisa hiki. Osborne baadaye aliandika kwamba yeye mwenyewe alidhani kijana amekosea, lakini aliona si vizuri kumkatisha tamaa mwanafunzi anayehoji. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwa moyo safi kwamba wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Walirudia, na jibu likabaki lilelile.

Katika majaribio yao bika zenye maji ziliwekwa juu ya kipande cha povu gumu ili joto lisipotelee chini. Maji yaliyoanza na nyuzi kama 25 ndiyo yaliyochukua muda mrefu kuliko yote kuanza kuganda; yaliyoanza na nyuzi 90 yalichukua muda mfupi zaidi. Walipotandaza mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa, ishara kwamba sehemu kubwa ya joto hutoka kupitia uso wa juu wa maji. Kupungua kwa maji kwa njia ya mvuke hakukutosha kueleza tofauti hiyo. Macho ya watafiti yakageukia mzunguko wa maji ndani ya chombo: ya moto hupanda, ya baridi hushuka, na tabaka la juu hubaki na joto linaloendelea kutoka kwa kasi. Taarifa ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa tayari anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, kazi aliyoendelea nayo serikalini.

Jambo lenyewe lilikuwa la kale. Aristotle aliandika kwamba wavuvi wa Ponto walimwagia maji ya uvuguvugu kwenye matete yao ili yagande upesi na kushika imara. Francis Bacon alilitaja mwaka 1620, na Descartes mwaka 1637. Baadaye fizikia ya shuleni ililisahau kabisa, kiasi kwamba aliyeliona kwa macho yake akaitwa mkosaji.

Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora. Yalikuja majibu 22,000, na mshindi akawa Nikola Bregović wa Chuo Kikuu cha Zagreb. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya na kusema hawaoni ushahidi wa kutosha. Walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunaweza kuleta tofauti ya uongo. Ni hoja nzito, ingawa wao walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, si muda wa kuganda. Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki kimiminika, na hapo bahati ya chembe ndogo au mkwaruzo wa chombo huamua barafu ianze lini.

Kisha mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wakaachana na friza kabisa. Walichukua punje ya kioo isiyoonekana kwa macho, wakaiendesha majini kwa nguvu ya miale ya leza, wakarudia mara 1,000 kwa kila hali. Walithibitisha kwamba mfumo ulioanza na joto kubwa unaweza kuwahi kutulia kuliko ulioanza na joto dogo, kwa sababu hupata njia ya mkato. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walionyesha tabia ya namna hiyo kwenye ioni zilizonaswa, vitu vilevile vinavyotumika kujenga kompyuta za kwantamu. Swali la aiskrimu likawa limefika huko.

Ukitoka Iringa kwenda Mbeya na kukunja kuelekea Tukuyu, unakutana na Mlima Rungwe, ambako pia jina la wenyeji liliingia kwenye sayansi kwa sababu wageni walikubali kwenda kuangalia. Mwanzoni mwa 2003 watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wanazungumza na wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu wanyama wa msituni. Wawindaji walimtaja kima mwenye haya waliyemwita kipunji. Kwa kuwa masimulizi ya huko yana wanyama wa kweli na wa mizimu, haikuwa wazi yupi ni yupi. Watafiti wangeweza kuliweka jina hilo kwenye fungu la hadithi. Badala yake waliingia msituni kutafuta, na Desemba mwaka huo wakamwona vizuri: manyoya marefu ya kahawia, kishungi kilichosimama kichwani, na mlio wa kubweka usiofanana na wa kima mwingine yeyote.

Julai 2004, kiasi cha kilomita 350 kutoka hapo, Trevor Jones alimwona kima yuleyule katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, bila kujua habari za wale wa Rungwe. Timu hizo mbili zikachapisha pamoja katika jarida la Science mwezi Mei 2005. Baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima. Vipimo vya vinasaba na vya fuvu vikaonyesha kwamba anahitaji jenasi yake mwenyewe, na mwaka 2006 akapewa jina la Rungwecebus. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1923 kwa Afrika kupata jenasi mpya ya kima hai. Jina la spishi limebaki lile la wawindaji: kipunji.

Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu duniani kote, wengi wakiwa Rungwe na kwenye misitu ya Livingstone inayopakana na uwanda wa juu wa Kitulo. Ukataji miti na mitego ndiyo inayomtishia zaidi. Wanaomjua vizuri ni wakazi wa vijiji vinavyozunguka msitu, na mpango wowote wa kumlinda ambao hauanzi kwao utakuwa umeanza vibaya.

Kwa shule, kazi iliyobaki ni rahisi na haina gharama kubwa. Mwalimu wa fizikia wa Iringa, Mbeya au kwingine kokote mwenye friza na kipimajoto anaweza kuifanya wiki hii: vikombe viwili vinavyolingana, maji kiasi kimoja, kimoja cha uvuguvugu na kingine cha moto, vyote bila mfuniko, chini yake kipande cha povu linalofungiwa televisheni mpya. Wanafunzi waandike muda barafu ya kwanza inapoonekana, warudie mara nyingi, wabadilishane nafasi za vikombe, na waandike pia siku ambazo maji ya moto yanashindwa. Mwanafunzi atakayepata jibu lisilolingana na la kitabu apewe friza tena kesho yake.